Awamu Kavu ya Bwawa la Kampemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu za ratiba amewakilishwa na Mshauri wake, ambaye naye kwa sababu za barabara amewakilishwa na kile kiti chekundu pale mbele, na ninaomba mtu yeyote asikikalie; waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa idara ndogo, na wale ambao idara zao bado ziko njiani; mapadri na masista; Bwana Mkuu wa mtaa; wazee wetu wa camp ya wafanyakazi, nyinyi ambao baba zenu walichimba shaba na kulaza reli ili sisi leo tupate kukaa kwenye viti vya plastiki; Madame Constance, mwalimu wa darasa la tano, pamoja na watoto wako ambao naona wamekwisha kulala kifudifudi juu ya mabenchi ingawa sijawaruhusu; mama zetu wa Kampemba; baba zetu; vijana; na wewe Guelor, mpiga picha, ambaye nimekuomba mara nyingi usinipige nikiwa nimefungua mdomo: itifaki ikiwa imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa ikiwa imesamehewa, nawasalimu.

(Makofi. Mtoto mmoja anauliza kama imekwisha.)

Haijaisha, mwanangu, bado sijaanza. Kabla sijaingia katika kiini cha hotuba yangu, niruhusuni nieleze mahali tulipo, kwa sababu wapo watakaosoma habari hii wakiwa mbali na hawataamini. Tuko ndani ya bwawa la kuogelea. Mratibu mwingine angewakalisha wageni juu, kwenye nyasi, chini ya hema, mimi nikasema hapana, mimi Faustin Kangwa, Mratibu Mkuu Msaidizi, nilimwita Bwana Adalbert wa protokole nikamwambia tushuke ndani ya mradi wenyewe, tukanyage sakafu ya maendeleo. Ndiyo maana sisi wageni wa heshima tumekaa huku kwenye kina kirefu, kwa kuwa cheo na kina huenda pamoja, na nyinyi wananchi mmekaa kule kwenye kina kifupi, ambako sakafu inapanda, na matokeo yake ni kwamba leo, kwa mara ya kwanza katika jimbo letu, kiongozi anainua kichwa ili kuwatazama wananchi wake. Huo ndio unyenyekevu. Adalbert ananikumbusha pia kwamba ngazi ya chuma iliyokuwa ukutani huku kwetu iliondoka zamani ikaenda kwa wanunuzi wa mitraille pamoja na vyuma vingine chakavu vya mtaa huu, kwa hiyo shughuli ikiisha sisi wakubwa tutatoka kwa kupanda katikati yenu, mkono kwa mkono, na hiyo nayo ni sera.

(Makofi. Sauti kutoka kina kifupi: "Na mayi iko wapi?")

Maji nitayafikia. Kila jambo lina ukurasa wake, na maji yako mbele.

Naanza kwa kuwapongeza akina mama. Nimepita katikati yenu nikiingia, na macho yangu yamejaa furaha kuona kwamba kila mama amekuja na bidoni yake ya njano, wengine mbili, nyingine zimefungwa kwa kamba, zote tupu, zote zimefungwa mifuniko vizuri. Wataalamu wananiambia hakuna kitu kinachoelea majini kama bidoni tupu iliyofungwa vizuri. Hii ndiyo tunayoiita sisi appropriation communautaire, yaani wananchi wameuelewa mradi hata kabla hawajaelezwa, wakabuni wenyewe vifaa vya kuelea vya watoto wao, bila semina, bila posho.

(Minong'ono. Mama mmoja anasimama: "Chef, hii bidon si ya kuelea. Njo ya kuteka mayi. Batu ya protokole balipita ku kila parcelle, nyumba kwa nyumba, balisema leo mayi itafunguliwa.")

Mama, keti, asante. Mnaona jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa na matumizi mawili akilini. Sitabishana na ubunifu.

Sasa mradi. Jina lake kamili ni Programu Jumuishi ya Kuogelea kwa ajili ya Masomo Yote, kwa kifupi PROJUKUMAYO, na ninaomba tulitamke pamoja, maana jina ambalo halijatamkwa na walengwa halina umiliki.

(Umati: "Projukumayo." Mzee mmoja anataja jina la dawa ya minyoo.)

Wazo hili lilinijia nikiwa kwenye semina, karibu na dirisha, na chini ya dirisha palikuwa na bwawa la hoteli, na ndani ya bwawa palikuwa na mtoto, na nikamwangalia mtoto yule tangu kahawa ya kwanza hadi chakula cha mchana, nikasema moyoni: Faustin, mtoto huyu anadhani anacheza, kumbe anasoma. Ni wazo langu kabisa, wazo ambalo Madame Constance naye, kwa bahati njema, alikuwa amekwisha kulifanyia kazi darasani mwake kabla yangu, na ninamshukuru kwa kunitangulia katika kunifuata.

Hebu niwafafanulie hiyo approche transversale, yaani kuogelea kunakopita katika masomo yote, maana najua wazazi mnauliza mtoto anayepiga maji kwa miguu atafauluje mtihani. Hesabu: mtoto anavuta mikono na kuhesabu pumzi, akifika ukutani anagawa mivuto kwa pumzi, na hapo amefanya mgawanyo bila chaki. Jiografia: kila mvuto ni mto mmoja wa Katanga, anaanza na Kafubu hapa nyumbani, anakwenda Lufira, anakwenda Lualaba, na akichoka anageukia Luapula anapumzika, kwa hiyo ramani inaingia mabegani na haitoki tena. Kifaransa: amri zote zinatolewa kwa Kifaransa, inspirez, vuta pumzi, soufflez, puliza, na mtoto aliyekosea sarufi anakunywa maji kidogo. Sayansi: kwa nini jiwe linazama na mama mnene anaelea. Naomba radhi, mfano huo umeandikwa na wataalamu.

(Kicheko kirefu kwa akina mama. Mmoja anampa mwenzake mkono.)

Na historia. Mnajua wenyewe bwawa hili lilichimbwa zamani za kampuni, wakati mabwana walikuwa wanaoga hapa siku za Jumapili na babu zenu walikuwa wanaoga kwenye robine, lile bomba la camp. Mtoto anagusa ukuta huu, anaambiwa: huu ndio ukuta ambao babu yako aliruhusiwa kuufagia. Hapo somo la historia limekwisha, na mtoto hatalisahau.

(Wazee wawili wanatikisa kichwa. Mmoja anasema taratibu: "Na dirisha ya uzio, yenye tulikuwa tunachungulia, ilikuwa pale," akionyesha kwa fimbo.)

Asante, mzee. Sasa, ili tusibaki katika nadharia, Madame Constance atuonyeshe. Watoto, mko tayari? Wageni waheshimiwa, mtakachoona ni kuogelea kikavu, mbinu ya kisasa. Mtoto analala kwa tumbo juu ya benchi, kichwa mbele, miguu nyuma, benchi inachukua nafasi ya maji, na tofauti ni ndogo sana. Guelor, chini kidogo, benchi zisionekane.

(Madame Constance anapiga makofi mara moja. Darasa zima linavuta mikono kwa pamoja: "Kafubu. Lufira. Lualaba." Kwenye neno "soufflez" vichwa vyote vinainama na watoto wanapuliza hewa. Kichwa kimoja hakiinami.)

Vizuri. Vizuri sana. Mikono inakwenda sambamba kama ya watu wanaopaka rangi ukuta. Namwona tu yule binti wa benchi ya mwisho, mwenye sweta nyekundu, ambaye mikono yake ni mizuri kuliko ya wote lakini uso hauinamishi. Binti, unaitwa nani? Bénie. Bénie, mwanangu, inamisha uso, hapa hakuna maji, nakuhakikishia mimi mwenyewe, na dhamana yangu ni ya kiserikali.

(Bénie anatikisa kichwa. Yule mama wa bidoni anasimama tena. Huyu ndiye Mama Bénie. "Chef, umuache. Mwaka yenye ilipita, mvua ilinyesha, alianguka mu ile shimo ya karieri nyuma ya mutaa. Muuza makala ya kupikia njo alimutosha mu mayi. Tangu ile siku hapendi mayi iguse uso. Minamupanguza na kitambaa kama mutoto muchanga. Madame alisema, kama anajua kuogelea, woga itaisha. Njo maana nilikuya.")

Mama Bénie. Nimekusikia, na si mimi tu, programu nzima imekusikia. Shimo hilo la karieri, la wachimba mawe, tunalijua. Limo katika kumbukumbu zetu kama kivutio chenye changamoto. Watoto wa mtaa huu wanapita ukingoni mwake kila siku wakienda shule, na mvua ikishika shimo linajaa, na ndiyo sababu hasa mradi huu uliletwa hapa na si mahali pengine penye maji. Nakuelewa pia kama mtu wa maji, maana wengi hamjui kwamba mimi nilizaliwa upande wa Kasenga, mtoto wa Luapula, na nilipokuwa na umri wa Bénie nilikuwa samaki mwenyewe, ng'ambo hadi ng'ambo, wavuvi walikuwa wananipigia kelele niwapishe. Lakini samaki naye alianza kidogo kidogo.

(Mama Bénie hajakaa. "Mvua iko inakuya, Chef. Angalia mawingu. Ile shimo haitangoja hotuba iishe.")

Nayaangalia, mama. Mawingu ni ya kawaida kwa mwezi huu. Adalbert, andika: mawingu.

Sasa takwimu, kwa kuwa mradi bila takwimu ni uvumi. Tangu programu hii izinduliwe, asilimia mia moja ya watoto walioandikishwa wameweza kulala juu ya benchi. Asilimia tisini na saba wanaweza kushuka bila msaada. Na takwimu ambayo ninaisema kwa unyenyekevu mkubwa, na ambayo wenzetu wa miji mingine wanaionea wivu: hakuna mtoto hata mmoja, narudia, hata mmoja, aliyezama katika bwawa hili.

(Makofi ya wageni wa heshima. Kutoka kina kifupi mtu anakohoa.)

Kuhusu miundombinu. Mlipoingia mliona sakafu imesafishwa, nyasi zimeng'olewa, chupa na viatu na fremu ya baiskeli vimetolewa, nyufa zimezibwa kwa saruji. Huo ndio ukarabati ulioratibiwa na ofisi yangu.

(Sauti nyingi kwa pamoja: "Njo sisi tulifanya ile salongo.")

Ndiyo, salongo, hiyo kazi ya pamoja, mliifanya nyinyi, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa majembe yenu na toroli la Bwana Mkuu wa mtaa, na mimi sikuja, lakini kuratibu maana yake ni kutokuwepo kwa mpango. Nilipata hata taarifa kwamba ba papa, baba zetu hawa, walitengeneza kizibo cha tundu la kutolea maji, hapa karibu na mguu wangu, kwa kipande cha chambre à air, mpira wa ndani ya gurudumu la lori, na ubao na jiwe juu. Nimekiona. Si kizuri. Lakini nimekipiga teke asubuhi hii kwa kukijaribu, na mguu bado unauma, kwa hiyo tukubali kwamba ni imara.

Na sasa, ndugu zangu, tunafika kwenye maji.

(Bidoni zinasogezwa karibu na miguu.)

Wataalamu waligawa programu katika awamu tatu. Ipo Awamu Kavu, ipo Awamu ya Unyevu, ipo Awamu ya Maji. Awamu Kavu ndiyo msingi wa zote, maana mtu hawezi kulowa kama hakuwa mkavu kwanza, na kwa hiyo tuliamua kuipa muda wa kutosha, na tulipoona inakwenda vizuri tukaiongezea muda, na wafadhili walipokuja kuuliza kuhusu Awamu ya Unyevu tukawaonyesha jinsi Awamu Kavu ilivyokuwa kavu kuliko ilivyotarajiwa. Wakaridhika. Mafanikio hayo yalitumia muda wote wa mradi, kikamilifu, bila kubakiza hata siku moja, na ni miradi michache sana inayoweza kujivunia jambo hilo.

Hivyo basi, kwa mamlaka niliyopewa, na kwa heshima kubwa, natamka rasmi kwamba Programu Jumuishi ya Kuogelea kwa ajili ya Masomo Yote, leo hii, hapa Kampemba, imefungwa.

(Wageni wa heshima wanapiga makofi. Wengine hawapigi. Madame Constance anauliza bila kipaza sauti, lakini anasikika: "Kufunga? Tulikuya juu ya kufungua.")

Madame, hiyo ni tafsiri. Mwaliko ulisema sherehe, na sherehe ni ya kufunga, maana ya kufungua tulikwisha kuifanya hotelini, na ilifana. Naona nyuso zenu zimebadilika. Sitaki tuachane kwa huzuni. Nimalizie kwa shukrani, kama adabu inavyotaka. Namshukuru Guelor, ambaye ameniahidi kwamba katika picha za mwisho bwawa litakuwa na maji ya buluu, kwa kompyuta, na kivuli cha mnazi. Namshukuru Adalbert kwa kiti. Na namshukuru kwa namna ya pekee Bwana David, dereva wa citerne, lori la maji, yule pale juu anayetuchungulia, ambaye tangu alfajiri amemwagia maji barabara nzima kutoka lami hadi hapa ili vumbi jekundu lisitupate sisi wageni wenu, na ndiyo maana mnaona viatu vyangu vinang'aa hivi, na ambaye bado anatusubiri nyuma ya ukuta na tangi lililojaa hadi shingoni, ili amwage tena wakati wa kurudi kwetu.

(Mama Bénie anamtazama Madame Constance. Madame Constance anautazama ukuta. Bidoni moja inaokotwa, kisha nyingine.)

Basi tuinuke tuitikie kauli mbiu. Mimi nikisema "Kuogelea", nyinyi mseme "Ni elimu". Kuogelea!

(Wageni: "Ni elimu." Kina kifupi kinaondoka. Akina mama wanapanda na bidoni zao, bila kukimbia, kama watu wanaotoka misani.)

Ni elimu, naam. Naona mama zetu wameanza kucheza ngoma, hiyo ni ishara nzuri, tuwape nafasi. Kuogelea! Adalbert, kwa nini wanachezea nje? Kuogelea! Mbona nabaki na wakuu wa idara peke yao? Watoto, nyinyi bakini kwenye mabenchi. David. David, ninakuona. Wanakwambia nini hao?

(David kutoka juu ya ukuta: "Banasema mayi ya njia ni mayi ya batoto, Chef. Na huyu Mama Bénie ni dada ya bibi yangu.")

David, hayo maji ni ya itifaki. Barabara itakuwa na vumbi. Tutarudije mjini tukiwa wekundu? Mwambie dada wa mke wako kwamba kuna utaratibu, kwamba anaweza kuandika ombi, kwamba ombi litapita kwa Mkuu wa mtaa, litapanda kwangu, nami nitalipandisha kwa yule ambaye leo amewakilishwa na kiti.

(Mama Bénie anarudi na bidoni iliyojaa, anaimwaga kwenye kina kifupi. Mama wa pili anamwaga. Maji yanateremka sakafuni kwa mstari mwembamba, yanapita chini ya mabenchi, yanafika kwenye kina kirefu, yanakigusa kiatu cha mkuu wa idara ndogo.)

Waheshimiwa, msiinuke. Ni sehemu ya programu. Ni ile Awamu ya Unyevu, imekuja kidogo nje ya ratiba. Kama nilivyokuwa nasema, mafanikio.

(Bidoni zinaendelea. Kisha baba mmoja anaupitisha mpira mnene wa citerne juu ya ukuta, na mwingine anaushika. Mpira unatetemeka. Maji yanakuja kwa nguvu moja.)

Kama nilivyokuwa nasema. Adalbert. Adalbert, maji haya yanakwenda wapi? Yanakuja kwetu. Kwa nini yanakuja kwetu? Najua kwamba huku ni kina kirefu, nimesema mwenyewe. Toa hicho kizibo. Vuta. Vuta kwa mikono miwili. Ba papa walikifanya imara mno. Waheshimiwa, basi pandeni, pandeni kupitia kwa wananchi kama tulivyopanga, mkono kwa mkono, inueni suruali, Sista nipe huo mkoba nikushikie, hapana, siwezi, mimi nimeshika hotuba.

(Wageni wa heshima wanapanda mteremko wakiwa na viatu mikononi. Akina mama wanawashika wasiteleze na kuwaambia pole. Mratibu hapandi. Amesimama juu ya kiti chekundu.)

Nimesimama juu ya kiti hiki kwa sababu za sauti. Sauti inakwenda mbali zaidi mtu akiwa juu. Adalbert, yamefika wapi?

(Adalbert: "Ku magoti, Chef. Iko inapanda pole pole.")

Magoti ya nani? Wewe ni mrefu. Basi nitaendelea kutoka hapa hapa. Mnaonicheka huko juu, nawaona. Nilisema nilikuwa samaki wa Luapula, na sijabadilisha kauli, ila kila samaki ana mto wake.

(Kicheko kinapanda pande zote nne za bwawa. Madame Constance amevua viatu. Anawashusha watoto mmoja mmoja hadi mahali maji yanapowafika tumboni, bidoni tupu zimefungwa mifuniko na kutiwa chini ya kwapa. Zinaelea. Bénie anakuja wa mwisho, anasimama pale maji yanapoishia, na vidole vyake vya miguu vimekunjwa.)

Mnaona? Bidoni zinaelea. Niliwaambia tangu mwanzo kwamba zinaelea, mkanibishia. Adalbert, andika hilo. Jamani, nyamazeni kidogo huko juu. Nyamazeni, mtoto anashuka.

(Bénie anashuka. Maji yanafika magotini, kiunoni. Madame Constance anapiga magoti mbele yake mpaka nguo yote inalowa, na kusema, kwa sauti ile ile ya kila siku darasani: "Inspirez." Mama Bénie yuko ukingoni, kitambaa mkononi, bidoni imemponyoka.)

Pole pole, mwanangu. Hakuna anayekuharakisha. Mimi mwenyewe nimechukua hotuba nzima na bado sijafika.

("Soufflez." Bénie anainamisha uso. Unaingia majini wote, hadi masikioni. Mapovu yanapanda. Anauinua, anafumbua macho, anatazama huku na huko kama mtu aliyeamka, na kusema: "Iko baridi.")

(Hapo kelele zinalipuka Kampemba nzima. Mama Bénie amekaa chini ukingoni, anacheka na kulia, na kitambaa anajipangusia yeye mwenyewe.)

Imekuwa. Guelor, umepiga hiyo? Sahau kompyuta. Sahau mnazi. Hiyo hapo.

Ndugu wananchi. Nilikuwa na ukurasa mwingine hapa, wa viashiria, lakini umelowa na wino unatembea. Basi niseme bila karatasi. Mama Bénie, najua unachotaka kuniuliza, nakiona usoni kwako tangu ulipokaa pale. Unataka kujua ile proje ilikuwa wapi muda huu wote.

(Mama Bénie: "Ilikuwa wapi, papa?")

Haikukuwako, mama. Kusema kweli haikukuwako hata siku moja. Kulikuwa jina, kulikuwa kiti, na kulikuwa miye. Bingine byote bilikuwa ni nyinyi na Madame. Leo nilitumwa kufunga kitu chenye hakikufunguliwa, na nyinyi mumekifungua mbele ya macho yangu, na mayi ya viatu vyangu. Adalbert, futa pale tulipoandika "imefungwa". Hapana, sijui uandike nini. Acha wazi. Na David, kesho asubuhi, kabla watu wa ofisi hawajaamka, upite tena hapa. Vumbi tutakula, hatutakufa.

(Makofi, safari hii kutoka kila upande. Bénie ametembea ndani ya maji hadi kwenye kiti chekundu. Anainua mkono kumpa Mratibu: "Papa, shuka. Na weye weka uso.")

Miye? Mwanangu, mimi ni Mratibu Mkuu Msaidizi. Nina suti. Nina umri. Na kwa kuwa leo tumekwisha kuanza kusema ukweli, ule mto wa Luapula mimi niliuona kutoka kwenye mtumbwi tu, nimeshika kingo kwa mikono miwili, nimefumba macho ng'ambo hadi ng'ambo.

(Bénie hashushi mkono. "Haiumize. Iko baridi tu.")

Baridi tu. Vizuri. Madame Constance, lile neno la kuvuta pumzi linakuja kwanza, au lile la kupuliza? Kwanza kuvuta. Vizuri. Waheshimiwa, wazazi, wazee wa camp, watoto wa darasa la tano: hotuba yangu imeishia hapa, na kwa kunivumilia nikiwa mkavu kwa muda mrefu hivi, ninawashukuru.

(Anavua miwani, anampa Adalbert, na kushuka kwenye kiti.)